Neno «chapman»: si kila mahali ni mchuuzi

Wasomaji wa fasihi ya Kiingereza hutuuliza mara kwa mara maana ya «chapman», na wengi wao wameshaambiwa kwamba ni mchuuzi basi. Jibu hilo si kosa, ila ukilibeba kila mahali litakupotosha, kwa kuwa neno lenyewe limepanda na kushuka hadhi karne hata karne.

Katika Kiingereza cha kale lilikuwa «ceapmann», yaani mtu wa «ceap», na «ceap» ni biashara au mapatano ya bei. Shina hilo limebaki katika Cheapside, mtaa uliokuwa soko kuu la London katika zama za kati, na katika «cheap», ambalo leo maana yake ni rahisi kwa bei. (Nasi hatuko mbali: Waarabu walitupa «rahisi» ya bei, tukaifikisha hadi kwenye mitihani.)

Mshairi wa Uingereza Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, aliwaita kwa jina hili matajiri wa Shamu waliopeleka viungo, atlasi na vitambaa vya dhahabu nchi za mbali. Hao hawakujitwika mzigo begani. Kufikia mwaka 1572, sheria ya Uingereza iliwataja «chapman» wadogo wasio na kibali pamoja na wazururaji, ambao adhabu yao ilikuwa kuchapwa viboko na kutobolewa sikio la kulia kwa chuma cha moto.

Mahali panapowakwaza zaidi wafasiri ni katika tamthilia ya Shakespeare, «Troilus and Cressida», ambamo mhusika Paris anamwambia mhusika mwingine, Diomedes, kwamba yeye Diomedes anafanya kama «chapman», kukiponda kitu anachotaka kukinunua. Ukiandika «mchuuzi» hapo umeharibu, kwani anayesemwa ni mnunuzi: yule anayeishika bidhaa, akaigeuzageuza na kudai kwamba imechujuka, ilhali moyoni ameshaipenda. Neno moja lilitumika kwa pande zote mbili za mapatano, na ni muktadha tu unaoamua.

Mchuuzi mwenyewe alizunguka vijijini na tepe, sindano, vitana na vijitabu vya bei ya chini, vyenye nyimbo na visa, ambavyo aghalabu vilikuwa karatasi moja iliyokunjwa ikatoa kurasa 8, 12 au 24. Samuel Pepys, mwandishi maarufu wa shajara wa London, alivikusanya katika karne ya 17, na mkusanyo wake ungalipo katika Chuo cha Magdalene, Cambridge. Jina la vijitabu hivyo, «chapbook», lilikuja baadaye, katika karne ya 19.

Robert Burns wa Uskoti, katika utenzi wake «Tam o' Shanter» uliochapishwa mwaka 1791, anaanza na wachuuzi hao wakiondoka barabarani jioni ya siku ya soko, huku majirani wenye kiu wakikutana. Hapo ni wachuuzi hasa. Na «chap» ya mazungumzo ya leo, yaani jamaa, ni neno hilihili lililokatwa mkia, ambalo kwanza lilimaanisha mteja.