Eti ni maji tu? Maneno ninayoambiwa juu ya mboga zangu za ndoo

Mgeni akifika kwangu hapa Section 58, Nakuru, hata chai haijamiminwa ashauliza hizo ndoo kwa balkoni ni za nini, na nikimwambia ni sukuma na saladi zinamea bila udongo, basi kila mtu ana lake. Mengi ni uongo na mimi mwenyewe niliyaamini nikianza.

Eti maji ya mfereji yanatosha. Hapana. Mbegu itachipuka vizuri tu kwa sababu imebeba chakula chake, kikiisha mmea unasimama hapo hapo na kuanza kupauka. Hii si habari ya jana, Mwingereza John Woodward alishaiona 1699 alipoweka minanaa kwa maji tofauti tofauti, na ile ya maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani ikashinda ile ya maji safi. Mmea unataka madini, udongo ulikuwa tu stoo.

Hapo mtu anasema sawa, basi natia DAP ama CAN, zile mbolea za shambani, kijiko kimoja. Jameni, hapana pia! DAP ina nitrojeni na fosforasi basi, potasiamu hakuna, kalsiamu hakuna. CAN nayo imechanganywa na unga wa chokaa ambao hauyeyuki, unakaa chini ya ndoo kama tope jeupe. Mbolea ya haidroponiki, yaani ya kukuza mmea kwa maji bila udongo, huja chupa mbili, A na B, na si ujanja wa muuzaji wa kukuuzia mara mbili, ni kwamba kalsiamu ikikutana na salfeti na fosfeti zikiwa bado nzito zinashikana na kuganda. Mimi nilijifanya mjuaji nikamimina zote kwa chupa moja ya soda nipunguze msongamano kwa kabati, asubuhi nikakuta kitu kama maziwa yameharibika. Unatia A kwa ndoo iliyojaa maji, unakoroga, ndio utie B.

Eti bila stima na pampu huwezi. Hii ndio inawazuia wengi na ndio rahisi kuliko zote. Kuna njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ndoo na kifuniko chenye tundu, mche umekaa kwa sponji, maji yanagusa chini ya sponji peke yake. Mmea ukinywa maji yanashuka, na mizizi ya juu inabaki hewani ikivuta oksijeni. Sasa mtu akiona maji yamepungua anadhani ndoo ina kiu. Nilienda Kakamega wikendi moja nikaachia shemeji nyumba, nikarudi ananiambia kwa furaha, "Nimekunyweshea mboga zako, nimejaza hadi juu." Siku mbili baadaye saladi zimelala, zimenyauka ndani ya maji! Ile mizizi ya hewani ilikuwa imezama. Ukiongeza, ongeza kidogo, uache nafasi.

Lakini kwa Nakuru shida kubwa si hiyo. Watu husema maji safi ni maji safi. Sisi wa huku tunajua floridi ya borehole kwa meno ya watu, ila iliyonisumbua mimi ni alkali. Majani machanga yalikuwa manjano, mishipa imebaki kijani, nikaongeza mbolea na bado. Nikapima pH, kile kipimo cha asidi na alkali, 8.2. Mboga zinataka 5.5 hadi 6.5, juu ya hapo madini ya chuma yapo kwa ndoo lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Nikakamulia ndimu, ikashuka, baada ya siku chache imepanda tena, kwa sababu bakteria wanaila ile asidi. Siku hizi nakinga maji ya mvua kwa mabati nachanganya, na nanunua ile asidi ya kushusha pH, matone tu.

Anti yangu wa Kondele aliniiga na ndoo nyeusi juani, mizizi ikawa kahawia na utelezi na harufu. Joto la Kisumu si mchezo, na maji yakipita kama digrii 25 oksijeni inapungua na ugonjwa wa kuoza unaingia. Nyeusi ni sawa kwa kuzuia mwani, lakini paka nyeupe juu yake na uweke kivulini. Tena alikuwa ameacha tundu wazi, viluwiluwi vya mbu vikawa vinaogelea humo. Kipande cha neti kimemaliza hiyo.

Na eti bila udongo hakuna wadudu. Vidukari wana mabawa, orofa ya tatu wanafika bila kuhema. Leo asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nimechuchumaa na kitambaa cha maji ya sabuni, nafuta chini ya majani ya sukuma, moja moja.