"Mtindo Mwepesi ni wa Kudanganya" na Mengine Ninayoyasikia Kuhusu Mario vs. Donkey Kong Mpya

Jumamosi iliyopita baba mmoja alimleta binti yake kibandani kwangu hapa Kisumu, ninapotengeneza na kukodisha mashine za michezo. Aliniomba niuondoe mtindo mwepesi kwenye Mario vs. Donkey Kong ili mtoto "acheze kama tulivyocheza sisi". Mtoto ana miaka minane. Alikuwa ameikumbatia Switch yake, ile mashine ya Nintendo ya kuchezea mkononi au kwenye televisheni, hasemi neno. Mwezi huu huyo ni mzazi wa tatu kuniomba hivyo, na kila mmoja nimemweleza upya kutoka mwanzo. Leo naandika.

"Mtindo mwepesi ni wa kudanganya, mtoto hatajifunza"

Mtindo mwepesi unaiondoa saa inayohesabu muda wa kila hatua na kuweka bendera njiani. Ukigongwa, povu linakubeba hadi kwenye bendera uliyoipita, huanzi hatua upya papo hapo. Kazi yake inaishia hapo. Mlango hauufungui, ufunguo hauusogezi, na wapi pa kukanyaga kwanza haukuonyeshi.

Sasa tazama mchezo wenyewe unadai nini. Hatua ya kawaida ina sehemu mbili: kwanza unaupeleka ufunguo mlangoni, kisha unamfikia mwanasesere wa Mario aliyeibwa na sokwe Donkey Kong. Ukiwa umebeba ufunguo huwezi kupanda ngazi. Ukiutua, hesabu inaanza kushuka, na ikifika sifuri ufunguo unarudi ulikotoka. Kisha kuna swichi za rangi. Ukikanyaga nyekundu, matofali mekundu yanakuwa imara, na yale ya buluu na ya njano yanabaki michoro mitupu ambayo unapita katikati yake. Kwa hiyo kabla hujaruka popote una maswali ya kujibu. Nirushe ufunguo kule juu kwanza, au nikanyage swichi kwanza? Nikikanyaga ya buluu, haya matofali mekundu niliyoyapanda nitayakuta nikirudi? Hapo ndipo ugumu wa mchezo huu ulipo, na povu halijawahi kujibu hata swali moja kati ya hayo.

Nimewatazama watoto wengi wakicheza mbele ya macho yangu. Anayeanza na saa hukimbia. Hugongwa na kuanza upya, akigongwa tena hurudi mwanzo tena, na ukimuuliza kilichomwangusha hajui. Anayeanza bila saa husimama. Huweka kidole kwenye skrini na kufuata njia ya ufunguo kutoka chini hadi juu, midomo ikicheza. Huyo wa pili ndiye anayejifunza, tena ndiye anayerudi kwangu kuniambia amefika dunia iitwayo Twilight City. Wa kwanza huniletea mashine baada ya wiki mbili nimtafutie mnunuzi, na moyo wangu huuma kila mara, kwa sababu mchezo haukumshinda. Alinyimwa nafasi ya kuuangalia.

Ushauri wangu ni ule ule kwa kila mzazi, na siubadilishi. Mwache amalize ulimwengu mmoja, yaani kundi moja la hatua, kwa mtindo mwepesi. Kisha arudi kwenye ulimwengu huo huo kwa mtindo wa kale, na saa yake. Mtindo unabadilishwa wakati wowote kwenye mipangilio. Akirudi anayajua mafumbo, sasa anafanyia mkono mazoezi. Kumlazimisha ajifunze mkono na akili pamoja siku ya kwanza ni kumchosha bure.

Na hili la "kama tulivyocheza sisi" linahitaji kukumbushana kidogo. Mchezo huu mpya, wa 2024, umeundwa upya kutoka toleo la 2004, lililotoka kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya wakati ule. Skrini yake ilikuwa na nukta 240 kwa 160, na Game Boy Advance za kwanza hazikuwa na taa kabisa. Taa ilikuja na ile ya kukunja, SP, mwaka 2003. Tuliinamia dirisha tukitafuta mwanga ili tuone mwiba uko wapi. Sehemu kubwa ya kile mtu anachokikumbuka kama ugumu ilikuwa giza.

Tena hilo la 2004 lenyewe halikuwa chanzo. Lilizaliwa na Donkey Kong ya Game Boy ya 1994. Nayo hiyo ilianza kwa hatua nne za mashine ya 1981, ile ya kutumbukiza sarafu, na mchezaji akidhani amemaliza, ikamfungulia hatua nyingine 97. Humo ndimo Mario alipojifunza kubeba ufunguo, kupiga sarakasi ya kinyumenyume, na kusimama kwa mikono ili vitu vinavyoanguka vigonge miguu yake badala ya kichwa. Yote hayo yamo katika toleo la 2024. Mchezo huu umeundwa upya kila kizazi, na kila mara kiini chake kimebaki kile kile. Anayetaka mtoto wake auonje ule wa zamani, tayari anauonja.

Anayesema ni rahisi namuuliza jambo moja tu: umefika zile dunia za baadaye, zenye alama ya kujumlisha? Zinafunguka baada ya kumshinda Donkey Kong. Humo mwanasesere mwenyewe ndiye anaye ufunguo, naye anakufuata nyuma. Inabidi umfikirie na yeye pia: atapanda wapi, ataruka nini, atakwama wapi. Wazee wanaouponda mtindo mwepesi dukani kwangu, wengi wao hawajafika huko.

Yule baba nilimwekea kiti, akajaribu dunia ya Spooky House kwa mtindo wa kale. Baada ya muda binti ndiye aliyekuwa akimwelekeza: "Baba, usishuke bado, kanyaga ya njano kwanza." Waliondoka bila kunidai niondoe kitu.

"Ni ule ule, wameupaka rangi tu"

Dunia zilikuwa sita, sasa ni nane. Slippery Summit yenye barafu na Merry Mini-Land hazikuwepo. Hatua zote zimepita 130. Kitu kilichoondolewa ni pointi: zamani nyota ulizipata kwa kuvunja rekodi ya pointi za hatua, leo unakusanya zawadi tatu. Hapo mimi naona wamekosea, kwa sababu kuvunja rekodi kulikurudisha kwenye hatua uliyokwisha kuimaliza. Ila hilo ni kosa la mchezo uliofikiriwa upya, si la mchezo uliopakwa rangi.

"Mchezaji wa pili lazima anunue padi nyingine"

Hapana, mama, usitoe pesa hizo. Padi mbili za pembeni za Switch zinachomoka, kila moja inashikwa kwa ulalo na mtu wake. Mmoja ni Mario, mwingine ni Toad, na hatua inaongezewa ufunguo wa pili ili asiwepo wa kufuata tu. Mwenye Switch Lite, ile ndogo ya mkononi tu, ndiye anayehitaji kununua, maana zake hazichomoki.

"Mario wa siku hizi anachelewa kuruka"

Hili naletewa kama ugonjwa wa padi, nifungue, nibadilishe vitufe. Swali langu la kwanza huwa: akicheza mkononi, bila televisheni, anachelewa? Karibu kila mara jibu ni hapana. Basi padi ni nzima. Televisheni za sasa huchukua picha, huisafisha, huinoa, huilainisha, kisha ndipo huionyesha, na kazi hiyo ina muda wake. Ukitazama filamu huuoni. Ukiruka kutoka tofali hadi tofali, unauona. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya mchezo, iwashe. Haigharimu hata shilingi. Nimewahi kupokea padi tatu za nyumba moja zilizofunguliwa na fundi mwingine kwa tatizo hili, moja ikiwa imekatwa waya ndani. Tafadhali, anzeni na televisheni.

Kuhusu kadi

Kadi ya mchezo iliyonunuliwa Dubai au Uingereza inafanya kazi hapa. Kadi za Switch hazikufungiwa nchi, isipokuwa zile za soko la China. Haihitaji intaneti ili ichezeke, hata ukiwa ndani ya matatu kuelekea Ahero.

Kadi haina sumu. Mtoto akiitia mdomoni, ule uchungu anaouonja ni dawa iitwayo denatonium benzoate, imepakwa makusudi ili watoto wasiimeze. Mpe maji, umpe na kadi yake.

Na kwa wenye katriji ya 2004, ile kadi nene ya Game Boy Advance, waliyoitoa kabatini baada ya kununua mpya, wakitaka kulinganisha: msipulize ndani. Pumzi ina unyevu, na unyevu unakula chuma cha miguso. Kilichokuwa kikisaidia ni ule mwendo wa kuichomoa na kuirudisha. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti safi, pangusa, subiri ikauke. Inaingia kwenye Game Boy Advance zote, kwenye Nintendo DS ya kwanza na DS Lite, mashine zilizofuata. Kwenye DSi haina pa kuingia, kwa hiyo usiuziwe hiyo kwa ajili yake.