Mguu Uliokatwa na Mkeka wa Mwanamuziki: Ulemavu katika Uchina wa Kale

Ninapofundisha historia ya Uchina wa kale, huanza na bei ya viatu. Mwaka 539 KK, waziri Yan Ying wa dola la Qi alieleza kwamba katika masoko ya nchi yake viatu vya kawaida vilikuwa rahisi, ilhali vile vya watu waliokatwa miguu vilikuwa ghali, kwa sababu mtawala aliwaadhibu watu wengi mno. Kukatwa mguu kulikuwa miongoni mwa adhabu tano za kisheria za zama hizo, pamoja na kuchanjwa chale usoni, kukatwa pua, kuhasiwa na kuuawa. Ndiyo maana naamini kwamba hatuwezi kuelewa jinsi ulemavu ulivyotazamwa zama hizo bila kuanza na sheria: asiye na mguu alitembea na hukumu yake mwilini, na juu ya hapo alibeba aibu mbele ya wazazi, kwani mwili ulihesabiwa kuwa amana yao. Zengzi, mwanafunzi wa mwanafalsafa Confucius, alipougua sana aliwaita wanafunzi wake wamfunue miguu na mikono, waone kuwa ameitunza mizima.

Sheria hiyo haikumwacha hata mtoto mchanga. Vibanzi vya mianzi vyenye maandishi ya sheria, vilivyofukuliwa Shuihudi, mkoani Hubei, mwaka 1975, vinaonyesha kwamba katika dola la Qin mzazi aliyemuua mwanawe bila idhini alichanjwa uso na kupelekwa kwenye kazi ngumu, lakini ikiwa mtoto amezaliwa na umbo la ajabu au hakukamilika viungo, mzazi hakuwa na hatia. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado hunichoma moyo.

Hata hivyo, walikuwapo waliopinga ukatili. Mwaka 639 KK, dola la Lu lilipopigwa na ukame, mtawala Xi alitaka kumchoma moto mganga wa kuomba mvua pamoja na mtu mwenye mwili uliopinda. Waziri wake, Zang Wenzhong, akamkataza, akamshauri akarabati kuta, apunguze matumizi na ahimize kilimo, akiongeza kuwa kama mbingu zingetaka watu hao wafe, zisingewazaa. Mtawala akamsikiliza.

Wasioona walikuwa na nafasi yao katika muziki wa ikulu. Mwanamuziki Mian alipomtembelea Confucius, mwenyeji wake alimwambia, "Hapa pana ngazi," kisha, "Hapa ndipo penye mkeka," na wote walipokwisha kuketi akamtajia mmoja mmoja waliokuwapo. Mwanafunzi Zizhang alipouliza baadaye, aliambiwa kwamba hivyo ndivyo mwanamuziki asiyeona anavyosaidiwa.

Lakini Zhuangzi, kitabu cha kale cha falsafa ya Kitao, kinamsimulia Confucius huyohuyo akiteleza. Shushan asiye na vidole vya miguu alimwendea akitembea kwa visigino, naye akamlaumu kwa kutojichunga hata akaadhibiwa. Shushan alijibu kwamba amekuja akiwa bado na kitu chenye thamani kuliko mguu, na kwamba alimdhania mwalimu kuwa kama mbingu zinazofunika kila kitu. Confucius akakiri kosa, akamkaribisha ndani. Shushan akaondoka zake.