A ya besi isiyoshikika

Mwishoni mwa fuga ya A maina ya mtunzi Bach (utungo wa sauti kadhaa zinazofuatana na kuigana; namba yake kwenye orodha ya kazi zake ni BWV 865), mikono miwili haitoshi. Nota A ya besi, A ya tatu ukihesabu kutoka kushoto mwa piano, inapigwa kipimo cha 83 na kufungwa tai, ule mstari unaosema nota iendelee bila kupigwa tena, mpaka kipimo cha mwisho, cha 87. Juu yake sauti nyingine zinatanuka hadi mkono wa kushoto unalazimika kuiachia. Wapo wanaosema Bach aliwaza kinanda chenye pedali za besi. Huenda. Mimi nina piano, na hapa hata mkono wa tatu usingeniokoa: nyundo ikishagonga waya, sauti inaanza kufa papo hapo. Kwenye ogani nota inaishi maadamu hewa inapita.

Wanafunzi hukimbilia pedali ya kulia, inayoacha nyaya zote zivume. Ukiikanyaga bila kuiachia, vipimo vitano vinageuka uji. Pedali ya katikati, ambayo Steinway, watengenezaji wa piano, waliipatia hataza mwaka 1874, hushika zile nota tu ambazo vidole vimezibonyeza wakati unaikanyaga. Ni dawa nzuri, ila ukichelewa kidogo inabeba na za jirani. Tena kwenye piano nyingi za kusimama kazi yake ni nyingine kabisa: hushusha kitambaa cha felti mbele ya nyundo, majirani wapate kulala. Hilo nililigundua mbele ya watu. Fuga ilizimika kama redio iliyofunikwa blanketi.

Siku hizi hiyo A naipiga tena, tai au si tai. Mtunzi Frescobaldi, kwenye dibaji ya tokata zake (tungo huru za kinanda) za 1615, aliruhusu nota zinazogongana zirudiwe ili ala isibaki tupu. Hapsikodi, kinanda cha zamani ambacho nyaya zake hudonolewa, nayo sauti yake hufifia, kwa hiyo alijua analosema.

A ya kwanza naipa uzito, sauti za juu nazishusha. Pedali ya kulia naibadilisha nusunusu, upesi: vizuizi, vile vya felti vinavyonyamazisha nyaya, vikizigusa kidogo tu, zile nyembamba za juu zinazimika, ule mnene wa besi unaendelea kuvuma. Halafu nasikiliza mkia wake, yaani sauti inayofifia. Ukikaribia kupotea, natafuta mahali kidole kinapofika na sauti za juu zinatembea, naigusa A kwa nguvu ileile iliyobaki kwenye mkia, si zaidi. Ikisikika kama nota mpya, nimekosa. Narudi kipimo cha 83.