Je, wajua kwa nini bonasi hupandisha malipo ya ovataimu Marekani?

Chukua mfanyakazi wa Marekani anayelipwa dola 20 kwa saa. Wiki hii kapiga kazi saa 50, na kwa kuwa hakukosa hata siku moja, anapata bonasi ya mahudhurio aliyoahidiwa, dola 100. Karani wa mishahara anakokotoa: saa 40 kwa dola 20 ni 800, saa 10 za ziada kwa dola 30 ni 300, weka na bonasi, jumla 1,200. Ukiitazama haina kasoro. Kumbe mtu kapunjwa dola 10.

Zimepotelea wapi? Sheria ya shirikisho ya kazi, iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 25 Juni 1938, inataka kila saa inayozidi 40 kwa wiki ilipwe angalau mara moja na nusu ya "kiwango cha kawaida". Kiwango hicho si lazima kiwe kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Ni wastani wa pesa ambazo kila saa ya wiki hiyo imemwingizia mfanyakazi. Bonasi aliyoahidiwa ili asikose kazini ni malipo ya kazi, kwa hiyo imo. Nyongeza ya zamu ya usiku nayo imo. Zawadi ya Krismasi ambayo bosi ameitoa kwa kupenda kwake, bila kupima saa wala uzalishaji, haimo.

Turudie hesabu. Saa 50 kwa dola 20 ni 1,000. Ongeza bonasi, 1,100. Gawanya kwa saa zote 50, unapata 22. Hapa wengi huteleza: wanazidisha 22 kwa moja na nusu, kisha wanaongeza juu ya zile 1,100. Lakini saa 10 za ziada tayari zimelipwa mara moja ndani ya 1,100! Kinachodaiwa ni ile nusu tu, dola 11, mara saa 10: dola 110. Jumla 1,210.

Njia hiyohiyo humfaa mtu mwenye viwango viwili vya malipo kwa mwajiri mmoja; jumlisha vyote, gawanya kwa saa zote. Ila usichanganye wiki. Aliyefanya saa 30 wiki hii na 50 wiki ijayo anadai ovataimu ya saa 10, hata kama wastani wake ni 40 na mshahara hutoka kila baada ya wiki mbili.

Kwa nini usumbufu wote huu? Sheria ilizaliwa wakati wa Mdororo Mkuu, watu wengi wakiwa hawana ajira. Ile nusu iliwekwa kama adhabu kwa mwajiri: ukitaka kumkamua mmoja kwa saa 60, itakugharimu, bora uajiri na mwingine. Kikomo kilianza na saa 44, kikashuka hadi 42, kisha 40 mwaka 1940. Sasa fikiria bonasi ingeachwa nje. Mwajiri mjanja angeandika dola 8 kwenye mkataba, zile 12 zilizobaki akaziita "bonasi", na nusu anayodaiwa kwa kila saa ya ziada ingeshuka kutoka dola 10 hadi 4.