Elfu mbili kwa kila goli

Baba mmoja wa Tandika alikuja ofisini kwetu na swali ambalo sikulitarajia. Mwanawe yuko darasa la sita, na mpira alikuwa hauachi hata mvua inyeshe. Likizo ya Juni ilipoanza, baba akamwekea ahadi: elfu mbili kwa kila goli. Wiki ya kwanza kijana akarudi na elfu nane. Kufika wiki ya tatu hatoi pasi, anagombana na wenzake nani apige penalti, na siku baba akisema leo sina kitu, mguu unamuuma. "Mwalimu, nimemharibu mtoto, au ni mvivu tu?"

Mvivu si yeye. Jambo hili lilichunguzwa Marekani na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, wakachapisha matokeo mwaka 1973. Walitumia kalamu za rangi badala ya mpira. Walichukua watoto wa chekechea ambao tayari walipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe endapo litachora. La pili lilipewa cheti hichohicho baada ya kuchora, bila kudokezwa mapema. La tatu halikupata kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu zikarudishwa mezani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hamu yao haikupungua.

Kilichoponza, basi, ni bei iliyotangazwa kabla ya kazi. Chipsi mayai za kushtukiza baada ya mechi hazina neno. Lakini goli likishakuwa na bei, mtoto naye hufanya hesabu: pasi nzuri hailipwi, kukaba hakulipwi, kumwinua aliyeanguka ndiyo hasara kabisa.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameeleza kwa miaka mingi kwamba hamasa inayotoka ndani hulishwa na mambo matatu: kujichagulia, kujiona unaweza na unazidi kuweza, na kuwa na watu wako. Ukitaka kuyaona yote matatu bure, simama jioni kwenye uchochoro wowote wa Tandale au Mburahati utazame chandimu. Magoli ni mawe, mpira ni wa makaratasi. Timu wanagawana wenyewe. Akija mdogo wa mtu, sheria inabadilishwa papo hapo: huyu asikabwe kwa nguvu. Wakigombana, wanagombana kweli, kisha wanaendelea kwa sababu giza linakaribia. Sasa linganisha na mazoezi ya likizo ambako watu wazima watano wanapiga kelele pembeni, kila mmoja na maelekezo yake. Sisemi makocha waondoke. Nasema wapunguze sauti.

Michezo ya likizo ya Juni wenzetu wa Ulaya huiita michezo ya kiangazi. Kwetu Juni ni kipupwe, kusi inavuma, na hakuna majira mazuri zaidi ya kukimbia Dar es Salaam. Joto lenyewe hutukuta likizo ya Desemba, na hapo mazoezi yawe asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni, na maji yawepo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Anayeshinda nje na wenzake huzipata bila kuhesabiwa.

Katikati ya mwaka ndipo pia UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na UMISSETA, ya sekondari, huwakusanya waliochaguliwa. Hapa kuna jambo linaloniudhi, na nitalisema: vijeba. Mwalimu anayemwingiza kijana aliyevuka umri kwa cheti cha kuazima anadhani ameazima miguu tu. Watoto wote wa timu ile wanamjua kijeba ni nani. Wanajifunza kwamba shuleni uaminifu ni wa kwenye mtihani wa uraia, na uwanjani kuna kanuni nyingine. Baada ya hapo kuwahubiria nidhamu ni kupoteza mate.

Tunu za mtoto hazifundishwi kwa hotuba ya kabla ya mechi. Anazo tayari, ila hajaulizwa. Mmoja anacheza kwa sababu rafiki zake wako pale. Mwingine anataka kujua kama leo ataruka juu kuliko jana. Mwingine anapenda kuvaa jezi yenye jina la shule. Ukimkaripia wa kwanza kwa maneno yanayomfaa wa pili, unamfukuza. Anaporudi nyumbani, badala ya "mmeshinda?" jaribu "leo umefurahia nini?" halafu nyamaza. Wazazi wengi hushindwa sehemu hiyo ya kunyamaza.

Wasichana wana lao. Likizo ya wengi wao huanzia kwenye vyombo na kuishia kwenye kumbeba mdogo wao. Wengine huacha netiboli kwa sababu ya mavazi, ingawa hata kwenye soka hijabu imeruhusiwa rasmi katika sheria za mchezo tangu mwaka 2014. Binti asilazimishwe kuchagua kati ya dini yake na mpira, na kazi za nyumbani zigawanywe hata kwa kaka zake.

Wazee hupenda kuwatajia watoto John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 wa mwisho kabisa, goti limefungwa bandeji. Mnapolisimulia hilo, malizieni: miaka miwili baadaye, Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano. Mtoto akisikia nusu ya kwanza peke yake huenda akadhani kuvumilia ni kazi ya walioshindwa.

Yule baba nilimshauri aifute ahadi na amweleze kijana kwa nini, bila kumlaumu. Siku nne mtoto hakugusa mpira. Juzi baba amenipigia simu. Mwanawe amerudi uwanjani, lakini ameomba abadilishiwe namba. Sasa anadaka.