Rejeta Mpya, Gia Boksi Imekufa: La Kufanya Kabla Ushahidi Haujamwagwa

Gari la otomatiki lilibadilishiwa rejeta wiki chache zilizopita. Sasa ukiweka D linachelewa kushika, likishika linatetemeka, ukikanyaga mafuta injini inavuma na gari haliendi. Fundi anachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi na kukuta oili iliyopaswa kuwa nyekundu safi imegeuka rangi ya faluda, nzito, ina povu. Wenye magari ya namna hii wakifika kwenye karakana yetu ya mafunzo, mara nyingi wanakuja wamechelewa: oili imeshamwagwa, rejeta mbovu imerudishwa dukani, na hakuna karatasi hata moja.

Kwa nini rejeta iue gia boksi? Katika magari mengi ya otomatiki, oili ya gia boksi hupita kwenye mabomba mawili hadi ndani ya rejeta, ambako kuna kipozeo kidogo cha chuma kilichozama kwenye kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Ukuta mwembamba wa kipozeo hicho ndio unaotenganisha vimiminika viwili visivyotakiwa kukutana kamwe. Kipozeo kikiwa kimechomelewa vibaya, hupata ufa usioonekana kwa macho. Injini ikiwaka, oili huweza kusukumwa iingie kwenye kulanti. Ukizima gari likiwa la moto, kulanti ambayo bado ina presha husukumwa upande wa gia boksi. Basi ukiona mafuta yanaelea au povu la waridi kwenye tanki la akiba la rejeta, usisubiri gia zianze kuteleza.

Kulanti kidogo tu inatosha kuleta msiba. Pleti za klachi ndani ya gia boksi zina tabaka la karatasi ngumu lililobandikwa kwa gundi. Kulanti huivimbisha karatasi na kuilegeza gundi, kisha vipande vinabanduka na kuziba njia za oili. Hata rejeta za kiwandani zimewahi kuwa na kasoro hii: Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za 2005 hadi 2010 zilizouzwa Marekani zilipata sifa mbaya kwa jambo hilohilo, na kampuni ikaongeza muda wa dhamana ya rejeta. Kwa hiyo si kila spea mbadala ni feki, wala si kila iliyoandikwa jina kubwa ni salama.

Ukiona dalili, zima injini na usiiwashe tena, hata kwa kusogeza gari uani. Libebwe juu ya gari la kubebea. Kulivuta huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini kunaongeza uharibifu.

Kabla fundi hajagusa kitu, piga picha na uchukue oili kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, uandike tarehe. Rejeta ikifunguliwa, ibaki mikononi mwako. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza haki yao. Muuzaji anasema kwa upole, "Lete, nikubadilishie nyingine," nawe unaondoka na rejeta mpya huku gia boksi, ambayo ndiyo hasara kubwa, ikibaki mzigo wako. Mwite kwanza ashuhudie kipimo: kipozeo kinazibwa tundu moja, jingine linaingizwa upepo wa kompresa kwa kiasi, rejeta inazamishwa majini. Mapovu yakitoka, ufa upo. Fundi aandike alichokiona na kusaini.

Muuzaji atasema ilifungwa vibaya, na lazima niseme kweli, wakati mwingine anayo hoja. Nati ya bomba la oili hukazwa kwa spana mbili, moja ikishikilia shina la kipozeo, yaani sehemu inayotokeza nje na kuungana na bomba. Fundi akitumia moja tu, shina linajipinda na kupasuka hata kwenye rejeta nzuri. Ndiyo maana ufa ulipo ni jambo la kutazamwa kwa makini: ukiwa shinani, fundi ajieleze, ukiwa ndani, mbali na nati, lawama inaelekea kwenye spea.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa biashara hiyo atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi aliyoelezwa na mnunuzi aliyetegemea ujuzi wake. Malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Kwa Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kasoro ya bidhaa. Andika barua ya madai ukitaja gharama za rejeta, gia boksi na kubeba gari, na uambatanishe risiti. Risiti iliyoandikwa "spea" tu itakusumbua. Mwambie muuzaji aandike humo ni rejeta ya gari gani.

Kuhusu matengenezo, kumwaga oili mara moja hakutoshi, kwa sababu nyingi hubaki ndani ya tokikonveta, kifaa kinachounganisha injini na gia boksi. Na kama gari limeshaanza kuteleza, gia boksi ifunguliwe na pleti zikaguliwe. Rejeta itakayofuata ipimwe kwa upepo kabla ya kufungwa. Mimi hupendekeza pia kipozeo cha oili cha pembeni, kinachofungwa mbele ya rejeta. Mabomba yote mawili yakihamishiwa huko, oili haipiti tena ndani ya rejeta.